Mwenye Baiskeli Ashuke, Mwenye Gari Asimame

Yako mambo ambayo mtu akiyasikia mara ya kwanza hucheka, akasema kwamba nchi ina shida kubwa zaidi ya hizo. Jambo tunaloliandika juma hili ni la namna hiyo. Mwenye baiskeli anapofika kwenye mistari myeupe iliyochorwa barabarani kwa ajili ya waenda kwa miguu, je, avuke akiwa amepanda, au ashuke na kuisukuma baiskeli yake mpaka ng'ambo?

Atakayecheka na acheke, lakini asiweke gazeti chini. Mtu wa Nkowe hana motokaa. Ana baiskeli. Kwa baiskeli hiyo hupeleka ufuta ghalani, huchota maji, humpeleka mkewe zahanati, hubeba mbao za kuezekea nyumba na godoro la mwanawe anayekwenda shule ya bweni. Baiskeli ndiyo lori la mnyonge, na siku nyingine ndiyo gari lake la wagonjwa. Kwa hiyo swali la namna gani mwenye baiskeli avuke barabara ni swali la namna gani mwananchi arudi nyumbani kwake salama. Hilo si jambo dogo.

Miaka mingi sisi wa Nachingwea na Ruangwa hatukuwa na haja ya kuliuliza. Barabara zetu zilikuwa za vumbi wakati wa kiangazi na za tope wakati wa masika. Gari lenyewe lilikwenda likiyumba, na mwenye baiskeli alilisikia tangu lingali mbali, akajitenga pembeni akalipisha. Leo mambo yamebadilika. Lami imeanza kutufikia. Barabara ya kutoka Nanganga kwenda Ruangwa imejengwa kwa lami katika miaka hii ya karibuni. Ni jambo tulilolililia kwa muda mrefu, nasi twalifurahia. Lakini lami ina tabia yake. Gari juu ya lami halitoi vumbi la kukuonya, na dereva aliyezoea kwenda pole kwa kuogopa mashimo sasa hana shimo la kuogopa. Njia inapokuwa nzuri, adabu ya njia nayo haina budi kuongezeka, la sivyo uzuri wake utatutoa machozi.

HOJA YA WANAOSEMA WAPANDE

Haifai kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Wale wasemao kwamba mwenye baiskeli avuke akiwa amepanda wanazo hoja zao, nazo si za kipuuzi.

Husema kwanza kwamba aliyepanda huvuka upesi zaidi, na anayekaa muda mfupi barabarani hukaa muda mfupi katika hatari. Husema pili kwamba baiskeli yenye gunia mbili kwenye keria si kitu cha kushuka na kupanda kama mchezo. Ukisimama, mzigo huinama; ukiinama, hupinduka; na aliyepindua mzigo katikati ya lami yuko mashakani kuliko aliyepita moja kwa moja.

Na hoja yao ya tatu ndiyo inayogusa moyo. Wanasema: kwa nini siku zote awe maskini ndiye anayeshuka? Mwenye gari ameketi kwenye kiti laini, haguswi na jua. Na mimi niliyetoka jasho tangu alfajiri ndiye niambiwe nishuke nimpishe. Je, huo si mtindo ule ule wa zamani, wa mwananchi kuvua kofia bwana mkubwa anapopita?

Hoja hii ya tatu twaiheshimu, maana imetoka katika uchungu wa kweli. Lakini twadhani wanaoisema wameigeuza juu chini, nasi tutaonyesha kwa nini.

HESABU YA BARABARANI

Na tuanze na ile hoja ya upesi, kwa sababu hiyo yaweza kupimwa kwa hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi ataiweza.

Chukua barabara ya lami yenye upana wa mita 7. Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida huivuka kwa sekunde 5 au 6. Aliyepanda baiskeli kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, ambao si mwendo wa mbio, hukata mita 4 kila sekunde, naye huivuka kwa sekunde zisizotimia 2. Mpaka hapa mwenye hoja ya upesi ameshinda.

Lakini sasa mtazame dereva. Sheria yetu humtaka asizidi kilomita 50 kwa saa anapopita mahali palipojengwa nyumba za watu. Kwa mwendo huo gari hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akiona hatari, sekunde moja hupita kabla mguu wake haujaikanyaga breki, na baada ya hapo gari lenyewe huhitaji mita nyingine kama hizo ili lisimame. Jumla ni karibu mita 28 juu ya lami kavu. Lori lililoshiba mzigo huhitaji zaidi, na lami yenye maji huhitaji zaidi. Maana yake ni kwamba dereva ambaye hajakuona sekunde 2 kabla ya kufika kivukoni hawezi tena kusimama, hata akiwa mtu mwema kuliko watu wote wa wilaya.

Basi tuulize: sekunde 2 kabla ya kukutana na gari, wewe ulikuwa wapi? Kama ulikuwa unatembea, ulikuwa umebakiza hatua chache, mita zisizozidi 3. Umesimama ukingoni mwa lami au umekwisha kutia mguu, na dereva anakuona. Kama ulikuwa umepanda, ulikuwa umebakiza mita 8. Umefichwa na kibanda cha chipsi, au na bajaji iliyoegeshwa, au na mwembe. Dereva ametazama kushoto na kulia mwa kivuko, hakuona mtu, akaendelea. Na wewe ukatokea.

Hapo ndipo ule upesi unapogeuka kuwa adui. Kivuko cha waenda kwa miguu kimechorwa kwa kipimo cha mwendo wa miguu. Dereva amefundishwa kutafuta kwa macho mtu anayetembea, katika nafasi ambayo mtu anayetembea huwapo. Anayekuja kwa mwendo wa magurudumu huingia katika mahali ambapo macho ya dereva yamekwisha kupita.

Kuna jambo jingine. Baiskeli nyingi tuzitumiazo hazina breki zilizo kamili. Sote tumeona kijana akishuka mteremko huku amekandamiza kandambili yake kwenye tairi la nyuma, na hiyo ndiyo breki. Mtu wa namna hiyo akifika kwenye mistari akakuta gari halisimami, hana la kufanya ila kuomba Mungu. Aliyekwisha kushuka hurudi hatua moja nyuma, jambo likaisha.

WENYE KUTEMBEA NAO NI WATU

Tena tusisahau wale ambao kivuko kilichorwa kwa ajili yao. Kivukoni hapo yupo bibi aendaye kliniki na mkongojo wake. Wapo watoto wa darasa la kwanza walioshikana mikono. Yupo mama aliyebeba ndoo kichwani na mtoto mgongoni, asiyeweza kugeuza shingo upesi. Baiskeli yenye gunia mbili za korosho ikipita kati ya watu hawa kwa kasi, kwa bibi yule haina tofauti kubwa na motokaa. Atavunjika nyonga, na kwa mtu wa umri wake kuvunjika nyonga mara nyingi ndiyo mwanzo wa mwisho.

Mwenye baiskeli hulalamika, na kwa haki, kwamba mwenye gari humdharau kwa kuwa yeye ni mdogo. Basi asiwe yeye naye ni mkubwa mwenye kumdharau aliye mdogo zaidi yake. Haki tunayoidai kwa walio juu yetu twapaswa kuitoa kwa walio chini yetu.

ANAYESHUKA NDIYE ANAYEPATA HAKI

Sasa turudi kwenye ile hoja ya uchungu, ya kwamba kushuka ni kujidhalilisha. Twasema sivyo hata kidogo. Kushuka ndiko kunakokupa nguvu ya kulisimamisha gari.

Baiskeli ni chombo cha usafiri. Unapokuwa umepanda, wewe ni mwendeshaji kama waendeshaji wengine: hupita upande wako wa kushoto, hufuata alama, huwapisha wale wenye njia. Mistari myeupe haikuwekwa kwa ajili yako, bali kwa ajili ya mwenda kwa miguu, na wewe uliyepanda wapaswa kumpisha. Lakini dakika ile unaposhuka na kushika usukani kwa mikono miwili, umekuwa mwenda kwa miguu. Sheria inayomtaka dereva kumpisha mtu aliyeko kivukoni sasa inakulinda wewe, pamoja na baiskeli yako na gunia zako.

Jambo hili halikubuniwa na gazeti hili. Mapatano ya mataifa juu ya usafiri wa barabarani yaliyofanywa Vienna mwaka 1968 yalisema waziwazi kwamba mtu anayesukuma baiskeli ahesabiwe kuwa mwenda kwa miguu. Na Uingereza, ambako mistari ya pundamilia ilianza kutumika rasmi mwaka 1951, jambo hili lilipelekwa mahakamani. Mwanamke mmoja alikuwa anavuka kwenye mistari huku anaisukuma baiskeli yake, gari likamgonga. Mahakama ya chini ikamwachilia dereva, kwa kuona kwamba mtu mwenye baiskeli si mwenda kwa miguu. Shauri likapelekwa juu, na mwaka 1980 mahakama ya juu ikageuza hukumu ile. Jaji akasema kwamba mama yule alikuwa mwenda kwa miguu kamili, maana miguu yake yote miwili ilikuwa chini. Kushika baiskeli mkononi hakukumwondolea haki yake. Akaongeza kwamba kama angekuwa ameweka mguu mmoja kwenye pedeli na kujisukuma kwa mguu wa pili, hapo pengine asingehesabiwa hivyo.

Vijana wetu na wasikie maneno hayo ya mwisho, kwa kuwa mtindo wa mguu mmoja kwenye pedeli tunaujua sana hapa kwetu. Huo si kushuka. Ni kumdanganya trafiki, na zaidi ni kujidanganya mwenyewe.

Hatuleti mfano wa Uingereza kwa sababu ni Uingereza. Twauleta kwa sababu hoja yake ni njema, na hoja njema haina kabila. Hukumu ya kule haizifungi mahakama zetu. Lakini yatuonyesha kwamba mtu wa kawaida aliyeshuka kwenye baiskeli yake alisimama mbele ya sheria akiwa na nguvu kuliko mwenye gari. Basi anayedhani kwamba kushuka ni kumwinamia mwenye gari na afikiri tena. Ukishuka, ni mwenye gari anayepaswa kusimama, azime haraka yake, akungoje upite. Je, hapo ni nani amempisha nani?

MZIGO, MTOTO, NA MLEMAVU

Kuhusu mzigo, twawajibu ndugu zetu kwa mambo wanayoyafanya wenyewe kila siku. Mwenye gunia mbili za ufuta akifika penye mlima hushuka akasukuma, wala hasemi ameonewa. Akifika penye mchanga hushuka. Kama tunaweza kushuka kwa ajili ya mlima usioua, twaweza kushuka kwa ajili ya lori. Linalotakiwa ni kujitayarisha: shuka mapema kabla ya kufika kwenye lami, weka mzigo sawa, shika usukani imara, ndipo uvuke. Aliyempakia mtoto nyuma amwache akae, mkono mmoja umshike, naye mzazi aende kwa miguu. Na aliye karibu akiona mwenzake amelemewa, amsaidie kusukuma. Desturi hiyo tunayo tangu zamani, hatuhitaji kufundishwa na mtu.

Yuko mmoja ambaye hatumwambii ashuke. Ni ndugu yetu mlemavu aendeshaye baiskeli ya magurudumu matatu kwa mikono. Kwake yeye ile baiskeli ndiyo miguu. Avuke kwa mwendo wa pole akiwa ameketi, na gari limsimamie kama linavyomsimamia mwenda kwa miguu yeyote. Mtu atakayemwambia mlemavu ashuke hajaelewa sheria, wala hajaelewa utu.

WAKUBWA NAO WANA DENI

Tukiishia hapa tutakuwa tumempa mwenye baiskeli wajibu na kuwaachia wengine raha. Hatutafanya hivyo.

Dereva kwanza. Tumesema mwenye baiskeli ashuke ili gari lisimame. Asiposimama dereva, basi tumemdanganya mwananchi wetu. Wako madereva ambao wakiona mtu kivukoni hupiga honi na kuongeza mwendo, kana kwamba honi ni hati ya kupita. Wako wengine wabaya zaidi: gari moja limesimama kwa adabu, nyuma yake linatokea la pili, au bodaboda, linalipita lile lililosimama na kumkuta mtu katikati ya mistari. Huyu hana tofauti na mtu anayerusha mawe sokoni akiwa amefumba macho. Trafiki na wamshughulikie bila kumtazama usoni wala kuuliza ni gari la nani.

Pili, wenye kusimamia barabara. TANROADS na TARURA, kila mmoja katika barabara zake, wapo kwa kazi hii. Mistari iliyofutika si mistari. Kibao kilichofunikwa na matawi si kibao. Na kivuko kiwekwe pale watu wanapovuka kweli: mbele ya shule, mbele ya zahanati, penye gulio, penye ghala la chama cha ushirika ambako wakati wa mnada wa ufuta na wa korosho baiskeli hukusanyika mamia. Kivuko kilichowekwa mahali panapompendeza mchoraji wa ramani, mbali na mapito ya watu, hakitavukwa na mtu. Na penye kivuko, matuta ya kupunguza mwendo yawepo.

Tatu, pale ambapo wenye baiskeli ni wengi, watengewe njia yao. Uholanzi mwenye baiskeli havuki kwa kushuka, kwa sababu amejengewa kivuko chake kando ya kile cha waenda kwa miguu. Hata Dar es Salaam, kando ya njia za mabasi yaendayo haraka yaliyoanza kazi mwaka 2016, mwenda kwa miguu na mwenye baiskeli walifikiriwa. Hatuombi Nkowe iwe Dar es Salaam. Twaomba tu kwamba barabara mpya inapochorwa katika wilaya hizi, mchoraji akumbuke kwamba kwa kila motokaa moja zinapita baiskeli nyingi.

Kwa jambo hili sisi wa kusini tuna somo ambalo wengine hawana. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya mahali pake. Ikajengwa reli kutoka pwani mpaka huko, kwa ajili ya kusafirisha karanga. Hakuna aliyemuuliza mwenyeji yeye anataka kwenda wapi. Mpango ulishindwa, ukaachwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa mzigo. Njia iliyojengwa kwa kuhesabu magunia peke yake ilikufa pamoja na magunia. Barabara zetu za leo tumezijenga wenyewe kwa kodi zetu. Basi zihesabu watu kwanza, magunia baadaye.

Nne, trafiki. Twawaomba wafundishe kabla ya kuadhibu. Waende shuleni, waende kwenye mikutano ya vijiji, wasimame kivukoni siku ya gulio wakaonyeshe. Jambo hili la kushuka lisigeuzwe kuwa mtego wa kumvua mkulima vijisenti vyake vya chumvi na sabuni.

AJALI INA KINGA

Kuna msemo tunaopenda kuusema msibani: ajali haina kinga. Msemo huo umetudhuru. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba watu karibu 1,190,000 hufa barabarani duniani kila mwaka, na kwamba zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Yaani watu wa namna yetu. Kama ajali isingekuwa na kinga, watu wangekufa sawasawa katika nchi zote. Lakini sivyo. Ziko nchi zilizopunguza vifo hivi sana, wala si kwa uganga. Walipunguza mwendo wa magari, wakachora mistari, wakaisimamia sheria, na wakawafundisha watoto wao. Kinga ipo, nasi tunaijua.

Msimamo wetu basi ni huu, nao twausema bila kuficha. Mwenye baiskeli akifika kwenye kivuko cha waenda kwa miguu ashuke, atazame kulia, kushoto, na kulia tena, aisukume baiskeli yake mpaka ng'ambo, ndipo apande. Mwenye gari akimwona asimame kabisa, si kupunguza mwendo tu. Wenye mamlaka wachore mistari na kuitunza. Pakikosekana mmoja katika hawa watatu, kazi ya wawili waliobaki imepotea.

Kushuka na kupanda tena huchukua muda mfupi kuliko kufunga kilemba. Ndugu wa Nkowe, ufuta utangoja sekunde hizo. Ghala halitafungwa kwa ajili yake. Lakini yuko mtoto mlangoni anayesikiliza kengele ya baiskeli ya baba yake jioni, na huyo ndiye tusiyetaka angoje bure.